Haiba na Hoja katika Lugha ya Kampeni: Uchaguzi wa Rais wa 1995 Tanzania na Yaliyofuata

1.0 Utangulizi

Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe nchini Tanzania tarehe 1 Julai 1992, kila msimu wa uchaguzi umeibua upya lawama ile ile, kwamba wapiga kura humfuata mtu badala ya kuzifuata sera zake. Lawama hiyo hutolewa na wagombea walioshindwa, na wahariri wa magazeti na, pengine zaidi ya wote, na wasomi. Kwa kawaida huelezwa kana kwamba kuna vitu viwili visivyochangamana. Upande mmoja ipo haiba, yaani ule mvuto wa mgombea unaowakusanya watu uwanjani hata kabla hajafungua kinywa. Upande wa pili ipo hoja, yaani mambo anayokusudia kuyatenda na sababu za kuyatenda. Anayechagua kwa haiba huhesabiwa kuwa amerubuniwa, na anayechagua kwa hoja huhesabiwa kuwa amekomaa kisiasa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauielezi vema kampeni ya Tanzania jinsi ilivyo. Mfano mkuu ni uchaguzi wa rais wa 1995, ambao Augustine Lyatonga Mrema wa chama cha NCCR-Mageuzi alishindana na Benjamin William Mkapa wa Chama cha Mapinduzi (CCM). Katika kumbukumbu za wengi, uchaguzi huo ni kielelezo cha haiba kupambana na hoja: Mrema mwenye umati, Mkapa mwenye sera. Uchambuzi wa lugha ya kampeni yenyewe unaonyesha picha tofauti. Haiba ya Mrema ilikuwa hoja iliyofupishwa. Na jambo lililoamua hatima yake halikuwa kukosa hoja, bali kukosa mahali pa kuiweka hoja hiyo baada ya mkutano kutawanyika.

2.0 Istilahi na Masuala ya Nadharia

Dhana inayojadiliwa iliingia katika sayansi ya jamii kupitia kwa Max Weber, ambaye maandishi yake makuu yalichapishwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya kifo chake. Weber alitofautisha mamlaka ya aina tatu: yale yanayotokana na mila, yale yanayotokana na sheria na taratibu, na yale yanayotokana na kipawa cha pekee anachodhaniwa kuwa nacho kiongozi. Neno alilolitumia kwa aina hii ya tatu ni la Kiyunani, na alilichukua kutoka katika maandishi ya historia ya Kanisa. Ni neno lile lile ambalo watafsiri wa Biblia ya Kiswahili, katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, walilipatia kisawe cha *karama*.

Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na neno la dhana hii muda mrefu kabla ya wanasiasa kulihitaji. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba hawakulitumia. Katika mazungumzo ya siasa neno lililoshika ni *haiba*, ambalo katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya heshima iliyochanganyika na hofu, lakini katika Kiswahili limelainika hadi kumaanisha sura na mwenendo unaopendeza. Sambamba nalo lipo *mvuto*, na katika lugha ya mitaani *nyota*: husemwa kwamba fulani “ana nyota”, yaani hupendwa bila sababu inayoweza kutajwa. Neno hili la tatu linabeba nadharia nzima. Mwenye nyota hakuitafuta, alizaliwa nayo. Nyota huweza pia kuchafuka na kusafishwa, na wapo waganga wanaojulikana kwa kazi hiyo hasa nyakati za uchaguzi.

Kwa upande wa pili, *hoja* ni neno la mahakamani na la barazani. Hoja hutolewa, hujibiwa, hupanguliwa. Inahitaji msikilizaji mwenye haki ya kukataa. Shaaban Robert aliyaweka maneno haya mawili katika kitendawili kizuri alipompa shujaa wa *Kusadikika* (1951) jina la Karama, kisha akamfanya ajiokoe kwa hoja tupu, siku baada ya siku, mbele ya mfalme na baraza ambalo tayari lilikuwa limemchukia.

Hata hivyo, kampeni haina msamiati wa baraza. Vitenzi vyake ni vya sokoni. Mgombea *hunadiwa*, na kunadi ni kazi ya dalali mnadani, anayeinua kitu juu ili wote wakione na kupandisha bei kwa sauti. Sera nazo *hunadiwa* au *humwagwa*. Mgombea mzuri ni yule *anayeuzika*. Ni vigumu kuupuuza msamiati huu kama mzaha wa waandishi wa habari, kwa kuwa viongozi wenyewe huutumia bila kucheka. Unaonyesha kwamba watumiaji wa lugha wanaelewa fika kinachofanyika uwanjani: bidhaa inaoneshwa, na ubora wake utajulikana nyumbani.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili watakuwa wameutambua mjadala huu kwa jina jingine. Ni mjadala wa fani na maudhui. Katika miaka ya 1970 na 1980 uhakiki wa Kiswahili ulitumia wino mwingi kubishana iwapo fani ni chombo tu kinachobeba maudhui au ni kitu kimoja nayo. Msimamo uliopata nguvu ni kwamba viwili hivyo huathiriana kiasi kwamba kuvitenga ni njia ya kurahisisha uchambuzi, wala si maelezo ya kazi yenyewe. Inashangaza kwamba wasomi wale wale wanaokataa kutenganisha fani na maudhui katika shairi, wanapofika kwenye mkutano wa hadhara huvitenganisha bila wasiwasi. Hotuba ya kampeni ni utendaji, na ina jadi yake: ina majigambo, ina vijembe, ina kiongozi na waitikiaji, ina ngoma na kwaya za kuitangulia. Kumtaka mgombea aache utendaji abaki na hoja ni sawa na kumtaka manju aache sauti abaki na maneno.

3.0 Mrema na Hoja Iliyofupishwa

Ili kuielewa haiba ya Mrema, hapana budi kurejea katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Ulegezaji wa masharti ya biashara, uliompatia Rais huyo jina la “Mzee Ruksa”, ulijaza maduka bidhaa zilizoadimika kwa muda mrefu. Lakini uliambatana na tuhuma nzito za rushwa na misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela. Mwishoni mwa 1994 wafadhili wakuu walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha hiyo. Mwananchi wa kawaida hakuwa na haja ya kusoma taarifa za wafadhili. Aliiona rushwa kituo cha polisi, hospitalini na bandarini.

Katika mazingira hayo Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1990 na baadaye pia Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hakikutajwa katika Katiba, alijenga mtindo wa uongozi uliokuwa mpya machoni pa watu. Aliyahimiza makundi ya ulinzi ya sungusungu. Aliwasikiliza wananchi waliomletea malalamiko ya kila namna, pamoja na yale ya ndoa. Na alitoa amri zenye muda: siku saba. Mwenye deni alipe kwa siku saba, mtumishi mzembe ajieleze kwa siku saba, mnyang’anyi asalimishe silaha kwa siku saba.

Wakosoaji wake waliyaona haya kuwa maigizo, na kwa mtazamo wa kisheria walikuwa na msingi. Waziri si mahakama, na amri ya mdomo haina njia ya kukatiwa rufaa. Hata hivyo, ikichambuliwa kama usemi, “siku saba” ilikuwa na maudhui mazito. Ilidai kwamba serikali ina deni kwa raia. Kwamba deni hilo lina tarehe ya kulipwa. Na kwamba yupo mtu mmoja, mwenye jina, atakayeulizwa tarehe hiyo ikipita. Hiyo ndiyo dhana ambayo vitabu vya utawala huiita uwajibikaji. Vitabu huieleza kwa kurasa nyingi. Mrema aliieleza kwa maneno mawili ambayo mchuuzi wa Kariakoo na mkulima wa Vunjo waliyaelewa kwa namna moja.

Mapema 1995, akiwa amehamishiwa wizara inayoshughulikia kazi na vijana, alifukuzwa katika Baraza la Mawaziri baada ya kupinga hadharani bungeni msimamo wa serikali yake katika suala la fedha za umma. Alijiunga na NCCR-Mageuzi, na baada ya muda mfupi alikuwa mwenyekiti na mgombea wake. Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi: umati ulioizima injini ya gari lake na kulisukuma kwa mikono hadi uwanjani. Tukio hili hutajwa kama ushahidi wa upofu wa mashabiki. Lakini gari linalosukumwa ni ishara inayosomeka. Watu waliokuwa wakisubiri magari ya wakubwa yapite ili waendelee na safari zao, safari hii walikuwa ndio mwendo wenyewe wa gari. Weber alisisitiza kwamba mamlaka ya karama hayamo ndani ya mwenye karama, bali yamo katika kutambuliwa kwake na wafuasi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo.

4.0 Mkapa na Haiba ya Kuazima

Inasemwa kwamba CCM ilijibu haiba kwa hoja. Usemi huu ni nusu ya ukweli. Mkapa alikuwa mwanahabari mzoefu, aliyewahi kuwa mhariri wa magazeti ya chama na serikali, na mwanadiplomasia aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa vipindi viwili. Kiswahili chake kilikuwa sanifu na makini, lakini hakikuwa cha kuwachekesha watu juani. Hata ndani ya chama chake hakuwa chaguo la kwanza la wajumbe: katika mkutano wa uteuzi uliofanyika Dodoma mwezi Julai 1995, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza, na Mkapa alishinda katika duru ya pili.

Upungufu huo wa mvuto ulizibwa na mtu mwingine. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amestaafu urais kwa miaka kumi, alizunguka nchi kumnadi Mkapa. Kabla ya hapo, katika hotuba zake za mwaka huo, alikuwa amekwisha kuandaa mizani ya kupimia wagombea wote: kwamba Ikulu ni mahali patakatifu pasipofaa kugeuzwa pango la walanguzi, kwamba nchi ina nyufa za rushwa, udini na ukabila, kwamba Watanzania wanataka mabadiliko, na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje yake. Kauli hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Kimsingi ilikubali hoja ya Mrema, kisha ikabadilisha anwani yake. Sifa iliyotangazwa mno ya Mkapa, yaani usafi wake, ilikuwa jibu kwa swali ambalo Mrema ndiye aliyelifanya kuwa swali la uchaguzi.

Kwa mantiki hii, uchaguzi wa 1995 haukuwa mapambano ya haiba na hoja. Ulikuwa mapambano ya haiba mbili, moja ya mgombea na nyingine ya kuazima, juu ya hoja moja. Mgombea aliyekuja na hoja za kiuchumi zilizopangwa kitaalamu, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, aliyekuwa mhadhiri wa uchumi, alipata takriban asilimia 6.4 ya kura. John Cheyo wa UDP, aliyeahidi kuwajaza watu mapesa mifukoni na akapewa jina la “Bwana Mapesa”, alipata takriban asilimia 4. Mkapa alipata asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8.

Tarakimu hizi zisisomwe kama hukumu safi ya wapiga kura juu ya mvuto wa mtu. Upigaji kura wa tarehe 29 Oktoba ulivurugika jijini Dar es Salaam, ambako kulikuwa na wafuasi wengi wa upinzani, na ukarudiwa tarehe 19 Novemba huku vyama vya upinzani vikilalamika. CCM ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi hadi vijijini, na redio iliyosikika nchi nzima ilikuwa ya serikali. Mrema alikuwa na umati. Mkapa alikuwa na mtu wa kuugongea mlango umati huo siku ya kupiga kura. Tofauti hiyo haiitwi haiba wala hoja. Ni mpangilio, na katika mijadala ya wasomi kuhusu jambo hili ndiyo inayosahauliwa kwanza.

5.0 Hoja Inapohama

Januari 1996, muda mfupi baada ya kuapishwa, Rais Mkapa aliunda tume ya kuchunguza kero za rushwa chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Warioba. Aidha, alitangaza hadharani mali zake. Taarifa ya tume ilikabidhiwa mwishoni mwa mwaka huo, na ilieleza kwa kina yale ambayo mikutano ya Mrema ilikuwa imeyapigia kelele. Hoja ilikuwa imehama. Ilitoka midomoni mwa mpinzani ikaingia katika mafaili ya serikali, ambako mambo huenda taratibu, lakini huenda kwa jina la dola.

Mrema alibaki na haiba, na kwa muda ilimtosha: Oktoba 1996 alishinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Temeke. Lakini chama chake kiliingia katika mgogoro wa uongozi uliokigawa, yeye akiwa upande mmoja na Mabere Marando upande wa pili. Mwaka 1999 aliondoka na kuhamia Tanzania Labour Party. Katika uchaguzi wa 2000 alipata asilimia 7.8, na mwaka 2005 hakufikia hata asilimia moja. NCCR-Mageuzi, iliyokuwa imeshinda majimbo 16 mwaka 1995, ilibakiwa na jimbo moja mwaka 2000. Mtu na chama viliangamizana.

Weber aliliona tatizo hili. Mamlaka ya karama hayawezi kuishi yenyewe. Ama hugeuzwa kuwa utaratibu, yaani ofisi, kanuni, warithi na hazina, ama hufifia. Mrema alikuwa mtu wa kuvunja utaratibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kupendwa. “Siku saba” haikuweza kugeuka kuwa kanuni ya chama, kwa kuwa nguvu yake yote ilikuwa katika sauti ya mtu mmoja anayeitamka akiwa na polisi nyuma yake. Nje ya wizara, siku ya nane ilipofika, hapakuwa na wa kumwuliza. Ni haki kuongeza kwamba watu wa kwao hawakumsahau: mwaka 2010 walimrudisha bungeni kwa jimbo la Vunjo, na alipofariki mwaka 2022 hakuna aliyehitaji kuelezwa siku saba zilikuwa nini.

6.0 Mfano wa Kulinganishia: Seif Sharif Hamad

Kama haiba ingekuwa kitu kimoja chenye tabia moja, ingetarajiwa kwamba mwanasiasa yeyote anayehama chama hupoteza wafuasi kama Mrema. Zanzibar inatoa ushahidi wa kinyume. Mwaka 1995 Seif Sharif Hamad wa CUF alitangazwa kushindwa na Salmin Amour kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2, matokeo ambayo chama chake hakikuyakubali. Aligombea tena katika kila uchaguzi mkuu hadi ule wa 2020. Machi 2019, baada ya mgogoro mrefu ndani ya CUF, alihamia ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wakahama naye kwa kaulimbiu ya “shusha tanga, pandisha tanga”. Ofisi zilibadilishwa rangi kwa muda mfupi.

Tofauti haiko katika kiasi cha mvuto. Yawezekana umati wa Mrema wa 1995 ulikuwa na moto mkubwa zaidi. Tofauti iko katika hoja iliyobebwa. Suala la hadhi ya Zanzibar katika Muungano na la haki ya matokeo ya kura halikuweza kuchukuliwa na serikali likatatuliwa kwa tume moja. Hata Maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, iliyoidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa takriban theluthi mbili ya kura, hayakulifunga. Hoja isiyohamishika ilimshikilia mtu wake. Picha ya tanga nayo si ya bahati: huchukulia kwamba chombo na safari ni vile vile, na kilichobadilika ni kitambaa tu. Mrema hakuwa na safari ya namna hiyo. Alikuwa na mwendo.

7.0 Takwimu kama Pambo

Mwelekeo wa baadaye unazidi kuutatiza mgawanyo uliozoeleka. Mwaka 2005 Kikwete aliingia na kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya, ambayo ikichambuliwa kisarufi ina nomino tatu na kivumishi kimoja, haina kitenzi. Alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura. Hapa lawama ya wasomi inaweza kukubaliwa bila ubishi mwingi.

Lakini mwaka 2015 CCM ilimsimamisha John Pombe Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, na kampeni yake ilifanya jambo la pekee. Magufuli alipiga pushapu jukwaani, na hilo ndilo lililopigwa picha. Jambo lenye uzito zaidi kwa mchambuzi wa lugha ni mazoea yake ya kutaja barabara kwa majina na urefu wake kwa kilomita, bila kusoma karatasi. Kwa kipimo cha kawaida, takwimu ni hoja tupu. Uwanjani hazikupokelewa hivyo. Hapakuwa na msikilizaji aliyeweza kuzihakiki, wala hakutarajiwa kufanya hivyo. Zilisikika kama anavyosikika mghani anayetaja ukoo wa babu kumi bila kukwama: ushahidi wa kumbukumbu, wa bidii na wa kuyajua mambo kwa ndani. Hoja ilikuwa imegeuka haiba. Mpinzani wake, Edward Lowassa, aliyeungwa mkono na vyama vya UKAWA, alitoa hotuba fupi mno, na mashabiki wake walilichukulia neno “mabadiliko” kuwa linajitosheleza. Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97.

Ni nani kati ya hao wawili aliyenadi hoja? Kilomita zinaweza kupimwa baada ya uchaguzi, na mabadiliko hayapimiki. Katika hilo mwenye takwimu alijiweka mahali ambapo angeweza kukamatwa. Lakini “Hapa Kazi Tu”, kaulimbiu aliyoingia nayo Ikulu, ilikuwa na neno la mwisho ambalo kampeni haikulifafanua. *Tu* ni neno la kuondoa. Wapiga kura walisikia kwamba maneno yataondolewa, na wengi walishangilia, kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na maneno. Mwaka 2016 shughuli za mikutano ya hadhara ya vyama zilizuiwa nje ya majimbo ya wabunge husika, na zuio hilo liliendelea, kwa sura mbalimbali, hadi lilipoondolewa Januari 2023. Maana ya neno hilo fupi ilikuwa uwanjani tangu mwanzo, katika sentensi yenye maneno matatu, na mikutano yote ya 2015 ilipita bila mtu kulitolea hoja.